Cherokee ya "1991" imekataa oksijeni sensa ya 1991, nimeshaagiza mbili zote sio

KiparaWaPorini
Wakuu habari zenu, naombeni msaada maana nimechoka kuagiza na kurudisha. Nina Jeep Cherokee ile ya kiboksi, XJ, injini 4.0 silinda sita za mstari mmoja, petroli. Kadi inasoma 1991. Nimelichukua kwa mzee mmoja aliyekuwa anaenda nalo porini kweli kweli, chini lina mikwaruzo kama liliburutwa, ila bado linadai, difu zote nzima na fowili inashika.

Shida ni mafuta. Linakunywa kama limetumwa. Ukisimama nyuma ya ekzosi macho yanawasha, na plagi nikizitoa zote sita ni nyeusi tii kama sufuria ya kuni. Fundi akaangalia akasema oksijeni sensa (ile ya kwenye ekzosi inayoiambia kompyuta mafuta yamezidi au yamepungua) imekufa, badilisha. Haya. Nikaingia mtandaoni nikajaza Jeep, Cherokee, 1991, 4.0, ikaja sensa nikaagiza, imefika naona kichwa cha waya hakifanani na cha kwenye gari, wala hakikaribii. Nikajua wamekosea wao, nikaagiza kwingine, safari hii nikachagua ile wanayosema inaingia gari lolote, hiyo nayo imekuja haina kichwa kabisa, ni nyaya nne tupu zinaning'inia, eti ukate za zamani uunge. Nyaya zenyewe za zamani zimeungua zikalowa oili, rangi hazisomeki, zote zimekuwa mkaa.

Fundi anasema tukate tu tuunge. Mimi nasita. Taa ya cheki injini haijawahi kuwaka hata siku moja, na mashine yake ya kusoma kodi za hitilafu za injini kazunguka nayo chini ya dashibodi nusu saa nzima hajaona pa kuichomeka. Sasa maswali yangu, sensa sahihi ya hili gari naijuaje? Na hiyo ya nyaya nne nikiiunga nitaharibu kitu au itakuwa haifanyi kazi tu?

NyundoMoja
Nakaa siti ya mbele hapa. Ya kwangu ni 92 na yenyewe inanuka petroli hivyo hivyo.

BwanaWaya
Mkuu usijipe presha, sensa ni sensa. Nyeupe mbili ni hita, haijalishi ipi ni ipi, nyeusi ndo inapeleka habari kwenye kompyuta, kijivu ni negativu. Unga washa twende. Nimefunga nyingi sana hivyo na watu wanatembea.

MamaSpana
Kipara weka kisu chini kwanza, usikate chochote.

BwanaWaya rangi ulizotaja ni kweli kwa sensa nyingi za Bosch na NTK, lakini shika Denso uone, hita ni nyeusi mbili, habari inapita kwenye bluu na negativu ni nyeupe. Mtu akifuata kanuni yako kwenye Denso anaipelekea hita kitu kisichoeleweka. Na hata hapo bado tunazungumzia jamii moja tu ya sensa, na kwa hilo gari naona kabisa tatizo ni jamii.

Kuna zirkonia na kuna titania. Zirkonia ndo iliyojaa duniani, ikipata moto wa kutosha (kama nyuzi 300 hivi za Selsiasi kwenda juu) inatengeneza umeme wake yenyewe, kidogo sana, hewa ikizidi unaona kama 0.1V, mafuta yakizidi inapanda mpaka karibu 0.9V, kompyuta kazi yake ni kusikiliza tu. Titania haitengenezi chochote. Yenyewe inabadilisha ukinzani, mafuta yakizidi ukinzani unashuka, hewa ikizidi unapanda, na kompyuta ndo inayoipelekea 5V halafu inaangalia hizo volti zimebaki ngapi. Sasa ukiichukua zirkonia ukaifunga kwa kompyuta iliyozoea titania ni kama mtu anayesubiri ajibiwe kwa simu wewe unamwashia tochi. Haielewi. Itaendelea kumwaga mafuta kwa kukisia na utalaumu sensa mpya kuwa feki.

Cherokee za 4.0 zimegawanyika hapo hapo kwenye mwaka wako. 1987 mpaka 1990 zinatumia mfumo wa kompyuta ya injini unaoitwa Renix, jina limetoka kwa Renault na Bendix waliotengeneza pamoja, na Renix inatumia titania. Kuanzia modeli ya 1991 Chrysler wakaweka mfumo wao, nguvu ikapanda toka farasi 177 kwenda 190, na sensa ikawa zirkonia. Bodi ile ile, injini kwa macho ni ile ile, sensa ni mbingu na ardhi. Na Renix haina taa ya cheki injini wala haihifadhi kodi, ndo maana fundi wako kazunguka bure. Hiyo peke yake inanifanya niamini gari lako sio 1991 hata kama kadi inaapa.

Kadi mara nyingi inaandika mwaka gari liliposajiliwa mara ya kwanza. Gari limetoka kiwandani 1990, likakaa, likapanda meli, likauzwa 1991, anayejaza kadi anaandika 91 anaenda kula. Nenda kaangalie namba ya chesisi, hesabu herufi ya kumi toka kushoto. L ni 1990, M ni 1991, N ni 1992. Halafu fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo au ubavu wa mlango kuna stika ina mwezi na mwaka wa kutengenezwa kama haijabanduka. Halafu boneti, zile za 91 kwenda mbele kwenye manifodi ya kuingiza hewa kuna maandishi ya kuchongwa HIGH OUTPUT. Kama hayapo na injini haijabadilishwa, jibu unalo.

Rudi na majibu kabla hujamlipa mtu mwingine.

KiparaWaPorini
Mama fundi heshima yako. Nimetoka kulala chini ya gari na tochi mdomoni.

Herufi ya kumi ni L. Nimehesabu mara tatu maana sikuamini. Stika ya mlango nusu imekwanguka ila 90 inaonekana, mwezi ndo hauonekani. Maandishi ya HIGH OUTPUT hakuna, nimesugua na tambara mpaka chuma kinang'aa, hakuna kitu. Kwa hio miezi yote hii nilikuwa najiita mwenye 91 kumbe.

Lakini mzee aliyeniuzia aliwahi kusema injini "iliguswa". Sijui alimaanisha kufunguliwa au kubadilishwa. Kuna njia ya kuhakikisha kompyuta yenyewe inataka nini bila kuamini namba?

MamaSpana
Swali zuri hilo na ndo la muhimu kuliko yote, maana gari za pori zimebadilishwabadilishwa, unakuta injini ya huku waya za kule. Namba ya chesisi inakwambia gari lilizaliwaje, haikwambii limeishije.

Tafuta mita ya umeme ya kidijitali, usitumie ile ya mshale wala taa ya kupimia, zile zinavuta umeme mwingi zitakudanganya na zinaweza kuumiza kompyuta. Chomoa kichwa cha sensa. Washa swichi bila kuwasha injini. Waya mweusi wa mita weka kwenye negativu ya betri, mwekundu gusa tundu moja moja kwenye kichwa cha UPANDE WA GARI sio upande wa sensa. Moja utakuta lina volti za betri au haina kabisa, hiyo ni ya hita, hita nyingine zinapata umeme injini ikiwaka tu kwa hio usiogope. Unayoitafuta ni ile ya habari. Ukikuta karibu 5V, kompyuta iko inasubiri titania. Kwa gari la umri huo la zirkonia utakuta kitu kidogo tu chini ya 1V.

Na ukiwa na sensa ya zamani mkononi pima omu (ukinzani) za hita yake pia, ikisoma haina mwisho hita imekatika. Sensa yenye hita iliyokatika inaweza kufanya kazi ukiwa barabarani lakini ukisimama inapoa inalala, gari linarudi kukisia.

Zungu la P38
Nikazie hapo hapo kwa wenye Range Rover maana huu uzi utasomwa na wengi. P38 za V8 mtego ni ule ule, zile za mwanzo zenye kompyuta ya injini ya GEMS ni titania, kuanzia modeli ya 1999 walipoweka Bosch Motronic ni zirkonia. Mimi nilichukua sensa kwenye gari la rafiki yangu lililochakazwa kwa ajali, wote tunajua ni P38, wote V8, rangi hata ya kijani ile ile. Yangu 97, lake 2000. Ilinichukua wikendi mbili na ugomvi mmoja nyumbani kuelewa kwanini gari limekuwa baya kuliko kabla sijaligusa.

Kitu kingine titania haihitaji hewa ya nje ya kulinganishia, zirkonia inahitaji na inaivuta kupitia ndani ya nyaya zake. Ndo maana zirkonia hawataki uiunge kwa risasi ile ya mafundi redio, unaziba njia ya pumzi, unatakiwa ubane kwa viungio vya kukandamiza. Na kwa gari linalovuka mito kila mara nadhani titania haikuwa wazo baya hata kidogo, wazee walijua walichokuwa wanafanya.

BwanaWaya
Sawa nimekubali kwa hiyo ya Renix sikuijua. Ila msinifanye kama naharibu magari ya watu, nyingi nilizofunga ni za zirkonia kwa zirkonia na zinatembea mpaka leo.

TeteziLaKiwanda
BwanaWaya hata zirkonia kwa zirkonia kuna shimo, uliza mimi. 4Runner yangu ya V6 3.4. Kwenye hizo Toyota sensa haiingii kwa nyuzi kama plagi, inakaa kwa kibati na nati mbili na gasketi katikati, kwa hio hapo tayari sensa za "gari lolote" nusu yake zinatupwa. Mimi nikapata yenye kibati, nyaya nne, kila kitu sawa kwa macho, nikafunga mbele ya katalisti, ile ya kusafisha moshi kwenye ekzosi. Gari likawa linavuta kama lina kifua. Kumbe gari langu mbele linatumia ile sensa ya uwiano wa hewa na mafuta, sio oksijeni sensa ya kawaida, kwa nje zinafanana kama mapacha. Nilikuja kujua kwa kupima hita, oksijeni sensa ya kawaida ya Toyota ilisoma omu kumi na kitu, ile ya uwiano iliyotoka kwenye gari ilisoma kama omu moja tu.

Na jibu lilikuwa chini ya boneti muda wote. Kuna stika ya mambo ya moshi, imeandikwa vifaa kwa vifupisho, ukikuta HO2S ni oksijeni sensa yenye hita, ukikuta A/FS ni ile nyingine. Nilikuwa naifuta vumbi kila nikiosha gari na sijawahi kuisoma.

KiparaWaPorini
Wakuu nimepima. Nimeazima mita kwa jirani mwenye redio. Tundu moja 4.9V, limetulia haliendi popote. Kwa hio ni titania bila ubishi, kadi inaweza kulala na 91 yake. Naagiza leo, najaza 1990 badala ya 91 na nimewaandikia kabisa kwenye maelezo kwamba ni ya Renix, titania, wasinitumie kingine.

Hita ya sensa ya zamani inasoma, haijakatika. Hapo ndo nimechanganyikiwa kidogo, inamaanisha sensa nzima?

MamaSpana
Inamaanisha hita nzima tu, kichwa chenyewe kinaweza kuwa kimekufa. Lakini umenigusa pale pale nilipotaka kusema tangu mwanzo nikasahau kwa sababu ya ile kesi ya miaka. Nani alithibitisha kwamba sensa ndo mbaya? Plagi nyeusi na harufu ya petroli zinasema mafuta yamezidi, hazisemi nani kayazidisha. Sensa ya oksijeni ni shahidi, mara nyingi tunamnyonga shahidi.

Wakati unasubiri mzigo angalia vitu vitatu. Kwenye Renix kuna sensa ya MAP, inayopima presha ya hewa kwenye manifodi ya kuingiza, imefungwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini, ina kibomba kidogo cha plastiki cha vakyumu kinatoka kwenye throto. Plastiki hiyo baada ya miaka thelathini na zaidi ya joto inakuwa kama biskuti. Ikipasuka MAP haioni vakyumu, inaiambia kompyuta dereva kakanyaga mpaka chini, na kompyuta inamwaga mafuta hata ukiwa umesimama. Dalili zako hizo hizo.

Pili sensa ya joto la maji, ikidanganya kwamba injini ni baridi siku zote mafuta yanazidi siku zote. Thamostati iliyokwama wazi inafanya mchezo huo huo.

Tatu manifodi ya ekzosi. Sikiliza asubuhi injini ikiwa ya baridi, ukisikia tiki tiki tiki inayopotea injini ikipata moto kuna ufa. Ufa kabla ya sensa unavuta hewa ya nje, sensa inaona hewa nyingi inasema mafuta ni machache, kompyuta inaongeza. Hapo hata ukifunga sensa mpya kila Jumatatu haitasaidia.

KiparaWaPorini
MAMA FUNDI.

Nimekigusa tu hicho kibomba kimekatika mkononi. Sikukivuta, nimekigusa. Kwa ndani kulikuwa na ufa wa zamani umeshajaa vumbi. Nimetafuta hosi ya mpira ya vakyumu ya saizi ile nikakata urefu nikaweka, nikawasha, na nikasubiri dakika kumi nyuma ya ekzosi kama mlinzi. Macho hayawashi! Harufu bado ipo kwa mbali ila sio ile.

Tiki tiki hakuna. Maji yanapata moto vizuri, geji inapanda inakaa.

NyundoMoja
Naenda kuangalia cha kwangu sasa hivi.

MamaSpana
NyundoMoja wewe wa 92 sensa ya MAP kwako inakaa kwenye throto yenyewe, hicho kibomba kirefu cha ukutani huna. Usije ukakata cha kitu kingine.

Kipara sensa funga hata hivyo, hiyo ya zamani imeoga masizi muda mrefu. Ikifika angalia kwanza maboksi, andika namba iliyochapwa kwenye mwili wa sensa uilinganishe na katalogi ya mtengenezaji mwenyewe, sio ya muuzaji. Kutoa ya zamani washa injini ipate uvuguvugu uzime, pulizia mafuta ya kulainisha kutu, tumia bokisi yenye mpasuko wa kupitisha waya, mara nyingi ni ya 22. Ikigoma usiipigie nyundo, ipe muda. Mpya ikija na greisi yake kwenye nyuzi usiongeze, isipokuja nayo paka ile ya kuzuia kukamata iliyo salama kwa sensa, kwenye nyuzi TU, ikigusa ncha umeiua kabla haijazaliwa. Na silikoni ya kuzibia iliyo ya kawaida usiitumie popote karibu na njia ya hewa au ekzosi, moshi wake unaitia sensa sumu.

KiparaWaPorini
Mrejesho wakuu. Mzigo umefika, safari hii kichwa kimeingia klik bila kubembelezwa, nimekaa nakichomoa na kukichomeka kama mtoto na swichi. Ya zamani ilitaka kunitoa roho, imegoma siku ya kwanza, nikaiacha na mafuta usiku kucha, asubuhi ikatoka na mlio kama mlango wa gofu. Ncha yake imevaa masizi makavu meusi, ukipitisha kidole inaacha alama kama penseli.

Mita nimeichomeka kwa nyuma ya waya wa habari injini ikiwa ya moto. Namba zinacheza, zinapanda zinashuka zinapanda, haraka kuliko macho. Ya zamani nilipoijaribu kabla ya kuitoa ilikuwa imekwama sehemu moja. Kwa hio zote mbili zilikuwa mbovu, kibomba na sensa. Plagi nimesafisha, nitazitoa tena nikishazunguka wiki mbili niwaletee picha ya rangi.

Sasa nina sensa mbili za zirkonia zimekaa kwenye boksi zinanitazama. Ile ya nyaya tupu muuzaji kakataa kuipokea kwa sababu nimefungua nailoni. Ile ya kwanza yenye kichwa je?

MamaSpana
Ile ya kwanza uliagiza kwa 1991 si ndio? Muulize NyundoMoja apime kwanza.

NyundoMoja
Nimeshapima mama, N kwenye chesisi, HIGH OUTPUT ipo, tundu la habari 0.4V. Kipara nakuja inboksi.